Gari Tulilolisifu

2 Machi 2002, Jumamosi

Gari limefika. Mume wangu Kitheka alilitoa yadi ya magari huko Nairobi akalileta mwenyewe, akapiga honi langoni mpaka majirani wakatoka na mikono yenye sabuni. Ni refu na jembamba, rangi ya damu ya mzee, na tairi la spea limebebwa mgongoni kama mtoto. Kitheka anasema ni jipya. Kwetu sisi ni jipya.

Tuliuza shamba la Matasia ili tulipate. Shamba lile tulilinunua pamoja, tukasema siku moja tutajenga pale. Lakini tulikubaliana kwamba nyumba inaweza kungoja, mama yangu hawezi. Yuko Mashuru, miguu imeanza kumkataa, na kufika kwake ni kubahatisha lori la soko. Kwa hiyo sikulalamika tulipouza. Leo mimi Naserian, mshonaji wa sare za shule hapa Kitengela, nimekaa ndani ya gari la nyumba yangu nikaishika ile dashibodi kama mtu anayepima kitambaa kizuri.

3 Machi

Tumeenda kanisani kwa gari. Nimegonga kichwa mara mbili kabla hatujafika lami. Kitheka anasema nitazoea.

10 Machi, Jumapili

Leo nimelijua gari letu.

Tulienda kumwona mama. Kwenye lami, tulipoacha nyumba nyuma na uwanda ukafunguka, upepo ulitupiga ubavuni na gari likaanza kutangatanga. Barabara imenyooka kama uzi, lakini Kitheka alikuwa akizungusha usukani kushoto, kulia, kushoto. Lori la simiti lilipotupita lilituvuta kwanza, kisha likatusukuma. Aliukaza usukani kwa mikono miwili.

Tulipoingia barabara ya mawe ndipo nilipojuta kunywa chai asubuhi. Kila jiwe lilipanda kwenye kiti likaingia kiunoni. Mbele ikishuka, nyuma inaruka. Nyuma ikitulia, mbele inaruka. Nilifikiria sindano ya cherehani inavyodunga kitambaa. Mimi nilikuwa kitambaa.

Bomani alitupokea Metito, ndugu yangu mdogo, mtoto wa pekee wa kiume wa mama. Aliacha ng'ombe akalizunguka gari, akalipiga tairi kwa fimbo, akachungulia chini. Alimuuliza Kitheka linaendaje.

“Shemeji, hii imeshika barabara kama kupe,” Kitheka akasema.

Metito akanigeukia mimi. “Ni ukweli, dada?”

Kitheka alikuwa akinitazama. Hakukonyeza, hakukohoa, alinitazama tu.

“Ni gari nzuri,” nikasema.

Mwanamke hamvui mumewe nguo mbele ya ndugu zake. Ndivyo nilivyojiambia. Mama aliponiuliza mbona nakaa upande mmoja, nilimwambia ni kazi ya cherehani.

14 Machi

Mgongo.

19 Machi

Mvua ya kwanza. Udongo mweusi umeanza kunata. Nimeshona sketi mpaka taa ikapotea.

23 Machi, Jumamosi

Kitheka alipeleka gari kwa Mburu, fundi wa hapa stejini. Mburu aliingia chini, akatoka, akasema hakuna kilichoharibika. Alisema gari limeundwa hivyo: limesimama juu sana na magurudumu yake yako karibu karibu, litaruka na litayumba. Kitheka akarudi akisema Mburu hajui kazi. Akalipeleka kwa fundi mwingine, naye akasema maneno yale yale. Basi likawekewa shoki mpya za kupunguza mruko. Limekuwa gumu kuliko mwanzo.

31 Machi, Pasaka

Wageni walijaa. Wafanyakazi wenzake Kitheka wa kiwandani huko Athi River walikuja na wake zao, na wote walitaka kuliona gari. Nilikuwa nikimimina chai nilipomsikia akisimulia jinsi tulivyoteremka mpaka Ewuaso Kedong, kona baada ya kona, na gari limetulia kama tumekaa sebuleni. Mmoja akaniuliza kama sikuogopa kule kwenye mteremko.

Hatujawahi kwenda Ewuaso Kedong.

Nilisema sikuogopa. Nikarudi jikoni nikasimama kidogo. Kusifu gari ni kitu kimoja. Kusimulia safari ambayo hukuenda ni kingine.

2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mtaro wa mbele ya duka langu umekuwa mto.

6 Aprili, Jumamosi

Jana sikuweza kuandika.

Shule zilifungwa. Tulienda kumchukua Katee Kajiado, kwa kuwa yuko kidato cha tatu na analala huko. Ni binti yetu, mtoto wa pekee. Alifurahi kuona gari. Aliwaita wenzake waje wamwone akipanda. Sanduku lake la bati na godoro tulivitupa nyuma, naye akakaa kiti cha nyuma.

Mvua ilitukuta njiani. Hatukuwa tukienda mbio, hilo nalisema kwa haki. Kabla ya kufika Isinya kuna kona, na katikati ya kona alisimama punda. Kitheka alikanyaga breki akakata usukani. Gari lingine lingepinda. Letu liliinama. Nilihisi upande wangu ukiinuka, ukainuka tena, na dirishani kwangu nikaona mawingu mahali palipokuwa na nyasi. Sikupiga kelele. Nilikuwa nikingoja. Kisha likarudi chini kwa kishindo, likazunguka, likateleza kwa nyuma mpaka mtaroni, na likasimama likitazama Kajiado tulikotoka.

Punda alikuwa bado pale.

Kisha Katee akasema, polepole kama anayeomba chumvi, “Mama, mkono hauinuki.” Sanduku lilikuwa limeruka likampiga begani.

Kitheka alifungua mlango akashuka. Nilidhani anakuja kwa mtoto. Alilizunguka gari. Aliinama mbele, akaipapasa bampa, akaangalia taa, akapita upande wa kulia, akapita nyuma. Ndipo akaja dirishani kwa Katee. Niliuona mpangilio huo, na leo bado nauona.

Wachungaji waliokuwa wamejikinga mvua walitusukuma tukatoka. Tulirudi Kajiado hospitalini. Mfupa wa bega umevunjika. Muuguzi alipouliza imekuwaje, Kitheka alijibu kabla sijafungua mdomo. “Ameanguka shuleni, akicheza netiboli.” Muuguzi aliandika. Katee alinitazama. Nikamfunga vizuri kile kitambaa shingoni, nikanyamaza.

Njiani kurudi aliendesha kama anayebeba mayai. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, “Tukisema ni gari, watu watatucheka. Tuliuza shamba sababu ya hii gari, Mama Katee.” Hakusema kwa ukali. Alikuwa akinisihi, na katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akisihi. Hapo ndipo niliposhindwa. Angenifokea ningemjibu.

9 Aprili

Metito alikuja na maziwa kumjulia hali mpwa wake. Katee alimwambia alianguka uwanjani shuleni. Alilisema vizuri sana, hata akamtaja msichana aliyemsukuma. Nilikuwa nikikata kitambaa mezani na sikuinua kichwa. Metito aliomba funguo akakaa ndani ya gari kwa muda mrefu bila kuliwasha.

14 Aprili

Siku hizi Kitheka anaenda kazini kwa matatu. Anasema ni mambo ya petroli. Jumamosi analiosha gari, magurudumu yote, mbele ya watu.

20 Aprili, Jumamosi

Nimeambiwa na mke wa Metito, Nasieku, aliyekuja dukani kuchukua sare za watoto. Alikuwa amefurahi. Alisema Metito ametoa mitamba kulipia gari letu, wamechaguliwa tayari, watabaki pale pale bomani wakiwa wa Kitheka. Alidhani najua.

Jioni nilimngoja Kitheka amalize kula.

“Metito ni ndugu yangu,” nikamwambia.

“Ndio maana nampatia kama ndugu. Mwingine singempatia hivyo.”

“Umemwambia vile iko?”

“Iko aje? Gari iko sawa. Ni barabara mbaya.”

“Na Katee?”

Alinawa mikono, akaipangusa kidole kwa kidole. “Katee alianguka shule,” akasema. Alisema akinitazama usoni, na sikuona uongo machoni mwake. Alikuwa ameshaamini. Kisha akaongeza kwamba ni mimi niliyemwambia Metito ni gari nzuri, pale pale bomani kwetu, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenituma.

Nimeolewa na mtu huyu nikijua ni mpole. Ni kweli ni mpole. Sikujua kwamba upole unaweza kutumika hivi.

21 Aprili, Jumapili

Nilimwamsha Katee nikamwambia tunaenda Mashuru, na kwamba leo tutasema ukweli. Hakuuliza ukweli gani.

Tulimkuta Metito akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Alitusikiliza mpaka mwisho, pampu mkononi. Nilimweleza yote: upepo, mawe, mgongo wangu, kona, punda, sanduku. Nilimwambia mwenye kosa wa kwanza ni mimi kwa kulisifu. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari aliyokwisha kuisikia.

“Shemeji aliniambia utakuja,” akasema.

Kitheka alikuwa amenitangulia kumwambia. Alimwambia kwamba mimi sitaki gari litoke nyumbani kwangu, kwamba nitakuja na maneno, na kwamba asinichukie kwa sababu ni wivu mdogo tu wa mwanamke.

Nilimgeukia Katee. Katee akasema, “Mjomba, ni kweli. Nilivunjika kwa gari.”

Metito alimwangalia mkono ule uliofungwa. “Juzi juzi uliniambia ni netiboli. Hata ukaniambia nani alikusukuma.” Katee akainamisha uso. “Sasa mimi nishike gani?”

Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa na lile tabasamu la wanaume wanapoona wanawake wanagombania sufuria. Akaniambia, “Dada, wewe uko Kitengela, uko na stima, uko na duka. Mimi nikitaka kitu moja tu, unaniletea mtoto mgonjwa anikataze.”

Njia nzima Katee alitazama nje. Nilimfundisha kusema uongo, na alipojaribu ukweli nilimwacha akose nguo.

27 Aprili

Metito amelichukua. Kitheka alimpigia makofi akitoka langoni. Mvua ilikuwa ikinyesha na jua linawaka.

6 Mei, Jumatatu

Katee amerudi shule. Alikataa nimsindikize.

12 Mei

Jua. Kitheka amenunua viatu vipya. Ananiletea mkate jioni. Anaongea nami kwa adabu, nami namjibu kwa adabu.

18 Mei, Jumamosi

Nasieku alikuja dukani, safari hii bila furaha. Alisema Metito akirudi na gari analala chini, juu ya ngozi, chali, hataki kuguswa. Alisema hampakii mtu tena, hata mama, hata mtoto wa kupeleka zahanati. Siku moja alirudi akiwa amekwaruzwa uso, hakueleza. Lakini sokoni, akasema Nasieku, analisifu mpaka watu wanakusanyika. Nilimuuliza kama yeye amewahi kumwambia mumewe alitupe. Alinitazama kama mtoto aliyeulizwa swali la watu wazima. “Wewe ulimwambia wako?” akaniuliza.

Nilimpimia shati la mtoto.

24 Mei

Mvua imepungua. Nimepata kazi ya shule mbili. Usiku mgongo umelala vizuri, nikaona haya kwa kulala vizuri.

1 Juni, Madaraka

Kwa kuwa ni sikukuu nilienda Mashuru peke yangu kumwona mama. Sikujua kama kutakuwa na mgeni.

Gari lilikuwa limesimama nje ya boma, limeoshwa, linang'aa. Kando yake alikuwa kijana mmoja mwalimu anayeitwa Leshan, aliyetoka upande wa Loitokitok, pamoja na mke wake. Mke alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho, ameelemewa na tumbo, ameketi kwenye kigoda akinywa chai. Metito alikuwa akieleza. Anahitaji kuongeza ng'ombe, akasema, vinginevyo gari kama hili mtu hawezi kuliacha. Leshan alisema wanakaa mbali na hospitali na siku zimekaribia, ndiyo sababu ya haraka yake.

Nilisalimia nikapita kuelekea kwa mama. Nilitaka kupita. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: nilishaweka mguu mmoja mlangoni.

Lakini Metito, kwa kutaka kuongeza uzito wa maneno yake, akasema, “Hata huyu dada yangu, walikuwa nayo kwanza.” Leshan akageuka. Ana uso wa watu wanaoamini wanachoambiwa.

“Mama,” akaniuliza, “iko aje hii gari?”

Metito alinitazama. Nasieku, aliyekuwa ameshika birika, naye alinitazama. Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

“Usinunue,” nikasema. “Kwa mawe inarusha mtu. Kwa upepo haishikiki. Ukikata kona haraka inainama kuanguka. Msichana wangu alivunjika bega ndani yake, na tukadanganya kila mtu. Usimpandishe mke wako.”

Kuku walikuwa wakichakura. Mke wa Leshan aliweka kikombe chini, akajishika kiuno, akasimama mwenyewe kabla mumewe hajamsaidia. Leshan alisema asante, lakini aliisema akitazama ardhi, na sijui alikuwa akimwambia nani. Waliondoka kwa miguu kuelekea barabarani, yeye mbele polepole, mke nyuma.

Metito aliwatazama mpaka wakapotea. Nilingoja anitukane. Alifunga mlango wa gari, akaujaribu kama umefunga.

“Mama Katee,” akasema. Tangu tuzaliwe hajawahi kuniita hivyo. Kwake nimekuwa dada, au Nase. “Mama Katee, jua linaenda. Rudi kwenu.”

Kwetu ni pale. Kitovu changu kiko pale.

Niligeuka kumtazama mama. Nilijua atasema kitu. Alitazama mbinguni, akasema kwa Kimaasai kwamba inaonekana itanyesha, nifanye haraka.

3 Juni, Jumatatu

Nilipotoka dukani nilikuta gari ndani ya ua wetu. Metito alikuja nalo, akamkabidhi Kitheka funguo mbele ya lango, akasema mitamba wamerudi kuwa wake, na wakaagana kwa mkono. Hakuingia hata kunywa maji. Haya nimeambiwa na jirani. Kitheka hajaniambia neno. Alikula, akalala, akanipa mgongo.

5 Juni

Nimemtumia mama sukari na blanketi kwa mkono wa Nasieku. Nasieku anasema mama ananisalimu, na kwamba nikitaka kwenda niulize kwanza kama Metito yuko.

7 Juni

Niliwaza kuhusu yule mke wa Leshan. Sijui kama wamepata gari lingine. Huenda atapelekwa hospitali kwa mkokoteni na atanilaani. Sitajua kamwe.

9 Juni, Jumapili

Mvua imekwisha. Matope yamekauka juu, chini bado yanateleza.

Kitheka aliamka mapema akaliosha gari. Alivaa koti lake la kijivu, akaliwasha, akaja akanifungulia mlango. Majirani walikuwa wakitoka kwenda makanisani kwao, wamesimama na Biblia zao wakitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuniongelesha wiki nzima.

“Panda, Mama Katee.”

“Nitatembea,” nikasema, na sikupunguza sauti.

Alisubiri kidogo, mkono juu ya mlango, anatabasamu. Kisha akaufunga kwa upole, akazunguka, akapanda.

Nilitembea kando ya barabara nikiwa nimeshika viatu mkononi. Alinipita karibu na dukani kwangu. Nililitazama gari kutoka nyuma likipita kwenye mashimo, linainama huku, linainama kule, na kichwa chake ndani kikirushwa kama kibuyu. Alikuwa peke yake. Kila aliyekutana naye alimpungia mkono.

Nilipofika kanisani gari lilikuwa kivulini, mlango umefunguka, naye bado ameketi, miguu nje, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa akingoja maumivu yapungue ili ashuke akiwa wima. Aliponiona aliutoa ule mkono. Nilisimama pale mpaka akaweza kuinuka, kwa sababu ni mume wangu. Sikumshika, naye hakuomba. Tuliingia pamoja.

Baada ya nyimbo, mhubiri aliwaomba wote waliobarikiwa na kitu kipya mwaka huu wasimame, kanisa liwaombee. Walisimama wachache: waliozaa, aliyepata kazi, mama mmoja aliyejenga.

Kitheka alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama. Watu walimpigia makofi. Aliinama kidogo kunitazama, akingoja.

Mimi nilibaki nimekaa.